Ushawishi Tuupime kwa Pishi ya Nani?

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi asubuhi mbele ya vijana na wafanyabiashara wadogo, ukumbini hapa Chake Chake. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimeacha tu picha za ukutani na pale nilipokohoa. Ni kwa ajili ya waliokosa kufika, khasa wale wa Unguja ambao boti yao haikuondoka siku ile.)

Assalaamu alaykum.

Wazee wangu mliokaa mbele, walimu wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibanza huko nyuma chini ya feni, ahsanteni kwa kuja. Nimepewa nusu saa. Nikizidisha, mwenyekiti ana ruhusa ya kunigongea meza.

Naanza kwa kukiri. Miezi michache nyuma nilialikwa niwe jaji. Kuna watu walitaka kuwazawadia watu kumi wenye ushawishi mkubwa mitandaoni hapa Pemba, wapangwe wa kwanza mpaka wa kumi, wakatafuta majaji watatu. Sitawataja, maana nia yao ilikuwa njema na chai yao ilikuwa na iliki ya kutosha. Nikakubali mbio mbio. Nikasema, kazi gani hiyo? Unafungua simu, unatazama wafuasi, mwenye wengi juu, mwenye wachache chini. Saa moja tumemaliza, tunakula.

Ndugu zangu, tulikaa siku tatu na hatukumaliza.

Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alimweka juu kijana mchekeshaji, kwa sababu wajukuu zake wote wanamwigiza. Jaji wa pili, kijana wa kompyuta, akaja na karatasi ya mahesabu, akamweka juu dada anayeuza nguo. Mimi nikataja mtu ambaye hao wawili hawakuwahi hata kumsikia.

Hebu niwaulize. Nani hapa leo alfajiri ametazama stetasi ya yule kijana wa Mkoani anayetangaza boti? Nyosheni mikono, msione haya.

Mnaiona mikono hiyo? Naona na ya mwenyekiti imo.

Kijana yule hana Instagram. Ana simu iliyopasuka kioo na namba ya WhatsApp. Kila alfajiri anashuka gatini, anapiga picha moja ya bahari, anaandika maneno matatu manne. "Boti ipo, bahari shwari." Au, "Leo hakuna, kusi kali." Basi. Mtu aliyeko Wete akisoma vile hafungi mzigo. Mama mwenye mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, anapanga siku nyengine. Mwenye matenga ya embe anampigia dereva amwambie geuza gari. Nani anamwekea laiki? Hakuna! Ukishajua boti haipo, laiki ya nini? Unavua viatu unarudi kulala.

Kijana wa kompyuta akaniuliza, "Bi, huyo ana wafuasi wangapi?" Sikuwa na jibu. Waliotazama stetasi yake anawaona yeye peke yake, sisi wengine hatuwaoni. Akaniambia kwa adabu kwamba kisichohesabika hakiwezi kuingia kwenye orodha. Nikamwambia kwa adabu vile vile kwamba mtu anayewalaza watu mia nyumbani kwa maneno matatu, orodha isiyokuwa na nafasi yake ina walakini.

Tukaanza kuvutana, na kuvutana kwetu ndiko kulikonileta hapa leo.

Sisi ni watu wa karafuu, natuzungumze kikarafuu. Mchumaji analipwa kwa pishi. Pishi chombo ni kimoja, lakini sote tunajua kuna pishi ya tele, iliyofura juu kama kichuguu, na kuna pishi ya mfuto, iliyopitishwa kiganja mdomoni mwa chombo mpaka ikawa sawasawa. Nilipokuwa mdogo nilichuma kwa bibi mmoja hukohuko kwetu. Siku ya kupima alikuwa anaushika mkono wangu, anaufinyafinya, ananiuliza habari za skuli, na huku mkono wake wa pili unazidi kulundika. Pishi yake moja ilikuwa ya mwenziwe moja na robo. Yeye akihesabu kumi, mimi nimechuma kumi na mbili na zaidi. Kaniibia? Mwenyewe angekuapia kwamba ni pishi tu.

Mitandao nayo iko hivyo hivyo, kila mmoja una pishi yake. Mtu anakwambia, "Video yangu imetazamwa mara laki moja." Muulize, kwa pishi ya nani? Facebook kwa muda mrefu ilihesabu kutazama kuwa ni sekunde 3. Sekunde tatu! Huo ni muda wa kidole kupita huku unamtafuta mtoto amekwenda wapi. Na mwaka 2016 Facebook wenyewe walikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video, waliokuwa wakiwapa wenye matangazo, ulikuwa umevimba, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde tatu walikuwa hawaingizwi kwenye idadi ya watu wa kugawia. YouTube nao, kuanzia mwisho wa Machi 2025, zile video fupi wanazihesabu tangu inapoanza tu kucheza, haina kima cha chini. Kwa hiyo mtu aliyelala Machi na akaamka Aprili aliona watazamaji wamepanda, na yeye hakuongeza hata chembe ya chumvi kwenye mapishi yake.

Halafu kuna yai. Wangapi mnalikumbuka lile yai? Januari 2019 mtu aliposti Instagram picha ya yai. Yai la kuku, la hudhurungi, limesimama peke yake. Akasema, tuvunje rikodi ya laiki. Rikodi ilikuwa ya Kylie Jenner, laiki milioni 18, na ilivunjika ndani ya siku kumi tu, likaendelea kupanda mpaka zaidi ya milioni 50. Haya, niambieni, yai lile lina ushawishi kuliko nani? Lilimshawishi nani, afanye nini? Kijana wa kompyuta hapo alicheka mwenyewe.

Msidhani sisi ndio wa kwanza kushindwa. Wameshindwa wenye fedha zao.

Mwaka 2007 Mmarekani mmoja, Joe Fernandez, alifanyiwa upasuaji wa taya. Taya likafungwa waya, hawezi kusema, akawa anazungumza na watu kwa mitandao tu. Humo kwenye ububu wake likamjia wazo la kupima neno la kila mtu lina uzito gani. Mwaka 2008 akaanzisha Klout. Unawapa akaunti zako, wao wanakupa alama, 1 mpaka 100. Watu wakaipenda kama watoto wanavyopenda ripoti ya skuli wakishajua wamefaulu. Akatokea bwana mmoja Toronto, mwenye uzoefu wa miaka 15 kazini, akaenda kwenye usaili wa cheo kikubwa. Wakamuuliza, alama yako ya Klout ngapi? Hajui. Wakaifungua mbele yake, 34. Kazi ile ikenda kwa mtu mwenye alama 67.

Na kileleni kulikuwa na nani? Justin Bieber, mia kwa mia. Rais wa Marekani, Barack Obama, mwenye jeshi na manowari, yuko chini ya mwimbaji kijana. Watu wakacheka, Klout wakaona aibu, na mwaka 2012 wakabadilisha hesabu, wakaingiza na mambo ya nje ya mitandao, kama vile mtu ana ukurasa gani Wikipedia. Asubuhi Obama yuko juu ya Bieber. Obama alifanya nini usiku ule? Hakufanya kitu. Bieber alikosa nini? Hakukosa kitu. Iliyobadilika ni pishi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Oktoba 2011, walikuwa wameshaibadilisha mara nyengine, alama za watu wengi zikaporomoka kwa siku moja, na kelele zake zilikuwa kama za watu waliokatwa mishahara. Klout ilifungwa tarehe 25 Mei 2018. Yule bwana wa Toronto simjui, lakini nampa pole hapa nilipo.

Sasa nije kwenye makonyo. Vijana wa mjini mliokulia kwenye simu, makonyo ni vijiti vya karafuu. Ukishachuma unachambua, karafuu huku, makonyo kule. Asiyeogopa Mungu anayarudisha makonyo ndani ya gunia, mizani inapanda. Wafuasi wa kununua ni makonyo. Mnawajua. Akaunti haina picha, jina lake ni herufi na tarakimu kumi, imefuata watu elfu tano na haijaandika neno tangu kuzaliwa. Zinauzwa, na bei yake ni ndogo kuliko sahani ya biriani. Julai 2018 Twitter waliamua kuchambua gunia lao, wakaondoa kwenye hesabu za wafuasi akaunti walizokuwa wamezifunga kwa kuzishuku. Akaunti ya Twitter yenyewe, ya kampuni, ikapoteza wafuasi zaidi ya milioni 7. Obama akapoteza zaidi ya milioni 2. Sisemi kwamba Obama alinunua. Makonyo mengine yanakuja yenyewe kwa upepo, yanamganda kila mkubwa, ndiyo maana hata mkweli hajui gunia lake lina karafuu kiasi gani.

Na hapa hapa niseme la kwetu. Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773, vichanga na vikongwe wamo. Akija mtu dukani kwako akakwambia ana wafuasi milioni mbili, lipa akutangazie biashara yako ya Machomane, muulize hao wengine wanaishi bahari gani.

Tuseme wafuasi wote ni wa kweli. Watu wenye damu, wenye bando lao. Tumefika? Hatujafika.

Kina mama mnikubalie hili. Mnakwenda taarabu. Mwimbaji anaimba, anafika kwenye beti fulani, anainuka mtu na noti mkononi, anacheza pole pole mpaka jukwaani, anamtunza, anarudi. Mgeni akiwa pale na daftari ataandika, wimbo huu umependwa, watunzaji kumi na wawili. Masikini wa Mungu! Niliwahi kukaa kwenye harusi moja Wete, mama jirani yangu alikuwa ametulia kimya usiku kucha, soda yake imeisha gesi. Likaimbwa neno moja la kijembe. Akainuka. Njia fupi ya kwenda jukwaani ilikuwa kulia. Yeye akapita kushoto, akazunguka meza tatu, akapunguza mwendo mbele ya meza ya mke mwenzake, noti kainyanyua juu ya kichwa, ndipo akenda kutunza. Wimbo hakuupenda, aliniambia mwenyewe kwamba yule mwimbaji sauti yake inamkera. Noti ilikuwa barua.

Laiki nyingi ni noti za namna ile. Mtu analaiki ili fulani aone kwamba amelaiki. Komenti mia tano chini ya picha, mia nne ni matusi, mia ni chawa wa mwenye akaunti wanamjibia. Mashine inaona "watu wameshughulika" na inafurahi. Staa anayetafuta kiki analijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana kila akikaribia kutoa wimbo anaachana na mchumba.

Nilifanya kazi mapokezi, hoteli moja ya pwani ya mashariki Unguja, miaka kumi na moja. Mkuu wetu alimwalika bibi mmoja wa Ulaya, mwenye wafuasi wengi, akae wiki nzima bure, kula na kunywa, aposti. Akapewa na neno la punguzo, mteja akilitaja wakati wa kubuku tunajua katokana na yeye. Msimu ukaisha. Neno lile lilitajwa mara mbili. Mara mbili! Mkuu alichemka, akaapa hatalisha tena mtu kwa sababu ya simu yake.

Lakini mimi nilikuwa na daftari langu. Kila mgeni akijaza fomu nilikuwa namuuliza, mmetujuaje? Msimu ule wengi walijibu neno moja, rafiki. Nikawa nadodosa. Wakaja mtu na mkewe kutoka Italia, nikauliza, rafiki gani? Wakasema shoga wa yule mke aliwatumia kipande cha video WhatsApp, meza ya chai ufukweni, maji yamejaa, paka anavizia samaki. Mke akanionesha. Paka namjua, meza naijua, na mkono unaomega mkate pale pembeni ulikuwa na bangili za yule bibi wetu. Wale wageni hawajawahi kusikia jina lake. Aliyewaleta ni nani? Bibi aliyepiga video? Shoga aliyeituma? Au yule paka?

Nasema mzaha lakini swali ni la zamani. Mwaka 1955 walitoa kitabu Marekani wataalamu wawili, Elihu Katz na Paul Lazarsfeld, kuhusu wanawake kiasi cha 800 wa mji wa Decatur, huko Illinois. Waliwauliza mambo ya nyumbani kabisa, nani alikufanya ubadilishe chakula unachonunua, mtindo wa nguo, sinema ya kwenda kuangalia, rai yako ya siasa. Majibu yalionesha kwamba redio na magazeti mara nyingi hupitia kwa mtu wa karibu kabla hayajakufika. Na mtu huyo si mmoja kwa mambo yote. Kwenye mambo ya sokoni waliosikilizwa ni mama wenye familia kubwa. Kwenye nguo na sinema, wasichana ambao hawajaolewa.

Je, hapa si vivyo hivyo? Mimi nikitaka kujua samaki changu ana bei gani leo marikiti, namuuliza mwanangu mwenye wafuasi elfu arobaini? Namuuliza Bi jirani asiyejua hata kuwasha simu yake. Nikitaka kitambaa cha Idi, Bi jirani simuulizi, ataniambia nivae cha mwaka juzi. Sasa chukua watu hao wawili uwapange, nani wa kwanza nani wa pili. Utawapanga kwa changu au kwa kitambaa?

Kijana wa kompyuta hapo aliniletea utafiti wake, na nilimheshimu kwa hilo, maana ulimpinga mwenyewe. Mwaka 2010 Meeyoung Cha na wenzake walipima akaunti milioni 54 za Twitter kwa njia tatu, mtu anafuatwa na wangapi, maneno yake yanarudiwa mara ngapi, jina lake linatajwa mara ngapi. Wakapata vilele vitatu visivyokutana sana. Waliojaza wafuasi wengi si lazima ndio wanaorudiwa. Mwaka uliofuata Eytan Bakshy, Duncan Watts na wengine wakafuatilia linki zilivyosambaa Twitter, misambao milioni 74, iliyoanzia kwa watu milioni 1.6. Waligundua kwamba kwa wastani, aliyewahi kusambaza sana huko nyuma na mwenye wafuasi wengi ana nafasi kubwa zaidi. Lakini ukimshika mtu mmoja, ukauliza, ujumbe huu wa kesho utaenea? Kutabiri ni shida, na jumbe nyingi mno zinafia pale pale zilipozaliwa. Kwa hiyo kundi unaweza kulipima kidogo. Mtu mmoja mmoja, wa kwanza, wa pili, wa tatu, ni ramli.

Wazee wangu nisiwasahau, maana nyinyi hili mlilijua kabla ya intaneti. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 akarikodi sahani za santuri. Kampuni ilihesabu sahani. Sahani moja ikija kwenye mkahawa mmoja wenye gramafoni moja, waliosikiliza ni wangapi? Waliokaa ndani na vikombe, waliosimama nje, mtoto aliyetumwa mafuta ya taa akachelewa kurudi, akafika nyumbani anaimba na mama yake akaudaka wimbo. Kitabu cha kampuni kimeandika sahani moja. Na Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki 2013. Mimi bado nasikia watu wanamwigiza sauti, na sijui akaunti yake ilikuwa ipi.

Mwenyekiti ananitazama, nakuja mwisho.

Mtaniuliza, basi orodha yenu iliishaje? Siku ya tatu magharibi inakaribia, wenye zawadi wanapiga simu, sisi watatu tumechoka. Mimi nilitaka tukatae kabisa. Mzee wetu akasema zawadi zimeshanunuliwa, tutawavunja moyo. Tukakubaliana tutoe majina kumi bila ya namba, kwa mpango wa alfabeti, na kijana wa Mkoani awemo. Tukaandika juu kabisa kwa herufi kubwa, HAWAKUPANGWA KWA UBORA.

Orodha ilitoka usiku. Asubuhi yule mchekeshaji, ambaye jina lake linaanzia na A, alikuwa ameikata sentensi ya juu kwenye picha, amezungushia jina lake wino mwekundu, na ameandika, "Namba moja Pemba, ahsanteni mashabiki." Mpaka adhuhuri alikuwa na laiki kuliko posti yake yoyote ya nyuma, na mchana kuna mwenye duka alishamlipa tangazo.

Siku ya zawadi walikuja tisa. Yule wa boti hakutokea. Nikampigia, nikamwambia mwanangu njoo, bahasha yako iko hapa, watu wanakusubiri. Nyuma yake nasikia honi na wachukuzi wanapiga kelele. Akaniambia, "Bi, nisamehe, leo kuna boti mbili."